Sheria ya Kichwa Juu

Zamani sheria ya kuku haikuandikwa popote, na kuku alisafiri vizuri. Mwanamke akitoka Walungu kwenda kuuza Bukavu, alimweka kuku wake ndani ya tenga la mianzi, akalifunika kwa jani la mgomba, akajitwika. Kuku alifika sokoni akiwatazama watu usoni. Mbuzi naye alitembea kwa miguu minne aliyopewa na Mungu, kamba shingoni, mwenyewe nyuma akipiga mluzi. Hakuna aliyeyaita mambo hayo huruma. Yalikuwa malezi tu. Leo tumekuwa watu wa haraka. Mbuzi anafungwa nyuma ya baiskeli kama gunia la makaa, kuku wananing'inizwa kwenye usukani kama viatu vya mtumba, na mtu akitaka kurudisha adabu iliyokuwa ya bure, lazima kwanza atafute karatasi, kamati na mhuri.

Ikiwa dunia imefika hapo, basi wana heri wale wanaojua kuandika. Mmoja wao anakaa Dzaleka, kambi ya wakimbizi katika nchi ya wasema Kichewa, karibu na soko, chini ya kibanda cha mabati chenye cherehani moja. Jina lake Eugénie.

Huko kwao Bukavu alikuwa karani wa mahakama. Kwa miaka mingi aliketi mbele ya meza ya hakimu akiandika kila neno lililosemwa, la kweli na la uongo, kwa mwandiko ulionyooka kama mstari wa mshono. Vita vilipomfukuza alibeba watoto na sufuria. Mwandiko ulikuja wenyewe. Sasa anashona sare za shule na majoho ya kwaya, lakini akina mama wa kambini hawajaacha kumwita Mama Greffier, kwa maana kwao karani wa mahakama huitwa hivyo. Wengine humwita kwa heshima, wengine kwa kumtania. Yeye huitikia wote.

Jambo lenyewe lilianzia barabarani. Eugénie alikuwa amepanda kabaza, ile baiskeli ya kubeba abiria, akirudi kambini na mzigo wa vitambaa. Penye mteremko kabaza nyingine ikawafikia, zikaenda sambamba. Nyuma ya ile nyingine alikuwa amefungwa mbuzi, tumbo juu, miguu yote minne imekunjwa pamoja, kichwa kikining'inia karibu na gurudumu. Mbuzi akamtazama Eugénie. Eugénie akamtazama mbuzi. Wakaenda hivyo mwendo mzima wa mteremko, abiria kwa abiria.

"Zikomo, Mama!" akasalimia yule mwendesha baiskeli, kijana mchangamfu wa Uvira.

"Zikomo. Na ule abiria yako, amelipa?"

"Ule halipaka, Mama. Ule njo malipo yenyewe!"

Waendesha baiskeli wote wawili wakacheka, na kwa kweli Eugénie naye alicheka, maana maneno yalikuwa matamu. Lakini alipofika nyumbani hakuweza kushona. Kila alipoinama kwenye cherehani aliliona lile jicho la kichwa chini. Akakumbuka baba yake alivyokuwa akiwaimbia mbuzi njiani, wimbo mmoja wa kijinga kuhusu nyasi za Kabare, na mbuzi wakimfuata kama watoto wa katekisimu. Akasogeza kitambaa pembeni, akachukua kalamu. Akaandika juu kabisa, kwa herufi kubwa: SHERIA.

Wakongomani wa mjini wana ugonjwa mmoja ambao hata ukimbizi haukuutibu: karatasi isiyo na utangulizi kwao si karatasi. Eugénie alianza na "Kwa kuzingatia kwamba," akaendelea na "Na kwa kuwa," akamtaja Mungu, akautaja uumbaji, akaitaja safina ya Nuhu, akawashukuru wenye nchi kwa ukarimu wao. Alipoisoma mbele ya kamati ya soko, watu walikaa kwa adabu ya mwanzo, kisha kwa adabu ya shida, kisha bila adabu.

"Mama Greffier," akamkatiza Mahamudu, "tuko kwa page ya tatu. Kuku iko wapi?"

"Anakuya."

"Anakuya na miguu ao na ndege?"

Kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko. Mahamudu huyu alikuwa kiongozi wa wauza kuku na mbuzi, mtu wa Kindu, mwembamba mwenye sauti nene, kofia yake nyeupe hata siku ya vumbi. Yeye ndiye aliyechinja kwa ajili ya nusu ya kambi. Sheria yoyote ya wanyama isiyopita kwa Mahamudu ingekuwa kama harusi isiyo na bibi harusi.

"Siye Bakongomani tunajuaga article moja tu!" akapaza sauti Annuarite, muuza mandazi, mwanamke ambaye hakupenda kicheko kiishe mapema. "Ya ngapi?"

"Kumi na tano!" wakaitikia wote.

"Inasema nini?"

"Jitafutie!"

Ndio mzaha wao wa tangu kwao: kwamba katika sheria zote za nchi, iliyowahi kufanya kazi ni hiyo moja isiyoandikwa, inayomwambia kila mtu ajitafutie apendavyo. Eugénie aliuchukia mzaha huo kama mhasibu anavyochukia panya. Aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Kisha akamgeukia Mahamudu.

"Papa Mahamudu, weye ukitaka kuchinja mbuzi, unamuonyesha kisu?"

"Astaghfirullah! Kisu kinakaa nyuma ya mgongo. Na mbuzi anakunywa maji kwanza. Na mwenzake hamuangalie. Baba yangu alinifundisha ile ningali mtoto. Leo we unataka kunifundisha nini?"

"Mi sikufundishe kitu. Nauliza tu. Na kuku zako, zinatokaka kule vijijini namna gani?"

Mahamudu akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Kuchinja ni dini, Mama," akasema mwishowe. "Kubeba ni biashara."

"Aha. Kwa hiyo Mungu iko anangojea kwenye kisu tu? Njiani haonaka?"

Annuarite alipiga makofi peke yake. Siku hiyo safina ya Nuhu ilifutwa, na Kwa Kuzingatia ikafutwa, na ikabaki sheria ya soko yenye vifungu kumi na vinne. Watu walimwomba aongeze kimoja zaidi ili wakifikie kile cha mzaha, akakataa katakata. Katikati ya vifungu hivyo vyote kilikuwepo kimoja kilichobeba vingine mgongoni: kuku asafiri kichwa juu, ndani ya tenga au mikononi mwa mtu, na mbuzi anayeweza kutembea atembee. Kamati ikakipitisha kwa majaribio.

Matenga yalikuwa shida. Aliyejua kuyasuka alikuwa Mzee Ndayiragije, Mrundi ambaye mikono yake haikuwa imegusa mwanzi tangu akimbie. Tenga lake la kwanza lilitoka mfano wa kofia ya padri, na Annuarite alilivaa siku nzima akiuza mandazi. La pili lilikuwa tenga. La tatu lilikuwa tenga ambalo mtu angependa kuzikwa nalo. Mzee alisuka akinung'unika kwamba watoto wa siku hizi wanadhani kikapu kinaota dukani kwenye mti wa plastiki, lakini alisuka, na wanawake wawili wakaketi naye kujifunza. Kuku wakaanza kufika sokoni wakiwa hai wote na wenye kiburi chao kamili.

Mambo mazuri hayakosi jirani. Wafanyabiashara wa mjini, wa mitaa ya Biwi na Chilinde, waliendelea kuja na kuku wao kwenye usukani, makundi kwa makundi kama mikungu ya ndizi, wakafika mapema, wakauza mapema, wakaondoka wakiwacheka wenye matenga. Na watu wa Dzaleka walipopeleka kuku mjini, walichekwa tena huko. Wauza kuku wakamwendea kiongozi wao. Mahamudu akaenda kibandani kwa Eugénie, akakaa juu ya kigoda cha wateja.

"Mama Eugénie, mi sipendi kuzunguka. Batu banachoka. Sheria inatufunga siye peke yetu, mjini kila mtu anafanya anavyotaka."

"Kwa hiyo?"

"Baraza la jiji linaandika sheria mpya za masoko. Redio ilisema kila mwenye kuuza kule anaweza kwenda kusema neno lake. Ukienda, na kifungu chako kikaingia mule, siye tunabaki na matenga. Kikikataliwa, tunarudi kwenye usukani, na karatasi yako utafungia mandazi ya Annuarite. Njo vile walisema."

"Na weye unasema nini?"

Mahamudu alijikuna shingo. "Mi walinituma nikusindikize. Nione kama hutasema uongo."

"Miaka yote ile mahakamani, Papa, niliandika uongo ya wengine. Yangu sikuwahi kuandika."

Akajitayarisha. Safari hii utangulizi aliukunja mfukoni mwa moyo, akaandika ukurasa mmoja tu, kwa Kichewa alichokiokota sokoni kwa miaka. Akausoma mbele ya cherehani mpaka cherehani ikajua. Akajishonea gauni jipya la kitenge cha buluu. Akaomba karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, maana mkimbizi hata akienda kumtetea kuku lazima kwanza aombe kutoka zizini.

Asubuhi ya safari Mahamudu alikuja barabarani akiwa amevaa kanzu iliyopigwa pasi, na mkononi alikuwa na jogoo. Si jogoo wa kawaida. Alikuwa mwekundu kama kaa la moto, mkia wa kijani unaong'aa, kilemba cha kichwani kimesimama, kisigino kama cha askari wa gwaride.

"Na huyu?"

"Huyu ni wa Mayi mwenyekiti, yule mama mkubwa wa kamati ya jiji. Mkono mtupu haulambwi, Mama."

Eugénie alitikisa kichwa kwa kukubali. Hata kwao hakuna mtu mwenye malezi ambaye angemwendea mkubwa mikono mitupu, na hasa kwenda kuomba. Hili lilikuwa jambo la zamani, jambo jema, na lilimfurahisha kwamba bado kuna watu wanaolikumbuka. Kitu kimoja tu kilimkera.

"Lakini kamba ya katani? Unamfunga zawadi na katani kama mwizi? Ngoja."

Akafungua mkoba, akatoa utepe mweupe wa hariri uliobaki kwenye majoho ya kwaya. Akaifungua ile katani, akaifunga miguu ya jogoo kwa utepe, akapiga fundo la ua, petali mbili sawasawa, kama anavyofunga nyuma ya magauni ya komunyo ya kwanza. Akarudi nyuma hatua moja kulitazama.

"Sasa ni zawadi," akasema.

"Sasa ni zawadi," Mahamudu akakubali, akamshika jogoo kwenye utepe, kichwa chini miguu juu, kama alivyoshika kuku tangu apate ndevu, na wote wawili wakapanda matola, gari la mizigo linalobeba watu nyuma. Wala hakuna aliyeona kitu.

Njia nzima walikuwa na furaha ya watoto wanaokwenda sikukuu. Jogoo alining'inizwa kwenye kulabu ya ubavuni mwa gari, akapepea na upepo, ua la hariri juu yake. Eugénie alisoma hotuba kwa sauti, Mahamudu akamsahihisha pale alipotaja bei za soko. Walipofika Kanengo harufu ya tumbaku iliwapokea, nene na tamu, malori yamejipanga mbele ya maghala. Abiria mmoja aliuliza wanakwenda wapi wamependeza hivyo.

"Tunakwenda kutunga sheria," Mahamudu akajibu, na akajinyoosha kanzu.

Ukumbi ulikuwa umejaa: wauza nyanya, wauza samaki, wenye mikokoteni, waendesha kabaza. Mbele, nyuma ya meza ndefu, iliketi kamati, na katikati yake mwenyekiti, Mayi Mtengula, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliyesikiliza watu bila kuwaonyesha anawaza nini. Kwenye benchi la mbele upande wa pili aliketi Chipojola, aliyeitwa Bambo, yaani Bwana, mkubwa wa wasafirishaji kuku wa Biwi, mikono imefungwa kifuani. Ilijulikana amekuja kupinga.

Zamu ya Eugénie ilipofika alisimama, Mahamudu akasimama nyuma yake kama shahidi wa harusi. Alisalimia kwa utaratibu, mkubwa kwanza, kisha wajumbe, kisha wenye mji, kisha wageni. Akasema. Na alisema vizuri! Alieleza kwamba kiumbe anayepelekwa kuliwa hajapelekwa kudhalilishwa. Alieleza damu inavyojaa kichwani, mbawa zinavyochomoka, kuku anavyofika sokoni akiwa nusu amekufa na mnunuzi analipia mateso. Mjumbe mmoja aliandika. Mwingine alitikisa kichwa kwa kukubali. Mayi Mtengula alivaa miwani.

"Wapo watakaosema haiwezekani," Eugénie akaendelea, sauti imepata moto. "Inawezekana! Sisi wa Dzaleka tumekwisha kuanza. Njooni mtazame. Hakuna kuku anayetoka kambini kwetu kichwa chini. Hata mmoja!"

"Kwaaak," akasema jogoo.

Bambo Chipojola akainuka polepole, kama mtu aliyeokota kitu kizuri njiani na hataki wenzake wakione haraka.

"Mayi mwenyekiti, naomba radhi. Mimi ni mtu wa kuku, sikusoma. Naomba tu mgeni wetu anieleweshe. Yule anayesema nyuma yake... ametoka kambi gani?"

Watu wote wakageuka. Eugénie akageuka.

Alimwona Mahamudu katika kanzu nyeupe, amesimama wima kwa heshima zote. Alimwona jogoo mwekundu ananing'inia mkononi mwake, kilemba kimelala, mbawa zimefunguka, mdomo wazi. Na juu kabisa aliliona ua lake la hariri, petali mbili sawasawa. Fundo la mkono wake mwenyewe.

Kicheko kikaanzia kwenye benchi la nyanya, kikapita kwa samaki, kikafika kwa wenye mikokoteni kikiwa mafuriko. Mahamudu, taratibu sana, kama mtu anayedhani hakuna anayemtazama, akamgeuza jogoo kichwa juu na kumkumbatia kifuani. Hapo ndipo ukumbi ulipokaribia kuanguka. Mjumbe aliyekuwa akiandika alitupa kalamu, akafuta macho.

"Mayi Eugénie," akasema mwenyekiti, akijikaza asicheke, "una neno la mwisho kabla sijamwita mwingine?"

Kifungu chake kilikuwa kimelala pale sakafuni, kimekufa, na kila mtu alijua. Mahamudu alikuwa ameinamisha kichwa. Huko kambini matenga ya Mzee Ndayiragije yalikuwa yakingoja kugeuzwa kuni. Eugénie akautazama ukurasa wake. Haukuwa na msaada wowote. Akaukunja. Halafu, kwa kushangaza hata nafsi yake, akacheka. Alicheka kile kicheko cha siku ya mteremko, kikubwa, cha tumbo, mpaka wengine wakanyamaza ili wamsikie.

"Ninalo," akasema. "Bambo huyu amenishinda. Ni kweli. Na sheria hii mimi ndiye niliyeiandika! Utepe ule mnauona? Nimeufunga mimi. Nimepanda gari na jogoo yule toka Dzaleka mpaka hapa, nikisoma kwa sauti jinsi ya kumbeba, naye amening'inia mbele ya pua yangu, na sikumwona. Wala mimi si mtu mbaya. Bwana huyu nyuma yangu si mtu mbaya. Yeye humnywesha mbuzi maji kabla ya kuchinja, na kisu hukificha. Tulikuja na zawadi kwa moyo mweupe kabisa. Basi niambieni, kama sisi wenye kuipenda sheria tumesahau asubuhi moja tu, yule asiyeijua atakumbukaje? Kwa mtu mwovu mnao polisi wa kumshika. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili yake. Imeandikwa kwa ajili yetu, watu wema tuliozoea."

Akamchukua jogoo kutoka kwa Mahamudu, akamweka juu ya meza ndefu mbele ya mwenyekiti, akavuta ncha ya utepe. Ua likafunguka. Jogoo akayumba kama mlevi wa Jumamosi, akakanyaga karatasi za mjumbe wa kwanza, akakanyaga za wa pili, akasimama, akajitikisa mpaka manyoya yote yakarudi mahali pake. Kilemba kikainuka. Akautazama ukumbi wote, jicho moja upande huu, jingine upande ule. Kisha akanyoosha shingo na kuwika, mlio mrefu, wa asubuhi ya kijijini, ukajaa mpaka kwenye mabati.

"Shahidi amesema," akasema Mayi Mtengula, na sasa alicheka waziwazi.

Bambo Chipojola hakuwa ameketi. "Maneno mazuri," akasema. "Nimecheka, sikatai. Lakini vijana wangu watabebea wapi? Hayo matenga, mitanga kwa lugha yetu, yatatoka wapi? Nani anasuka siku hizi?"

Mahamudu akainua kichwa. Alikuwa ametumwa kusindikiza tu, lakini mfanyabiashara humjua mfanyabiashara.

"Bambo," akasema, kwa Kichewa chake cha sokoni, "mama yako alikuwa anabebaje kuku?"

"Mama yangu?"

"Mama yako mzazi. Akienda sokoni."

Uso wa Chipojola ukabadilika kidogo kidogo, kama chumba kinapofunguliwa dirisha.

"Kwenye mtanga," akasema. "Kichwani."

"Na kuku alikuwa anaangalia wapi?"

"Alikuwa..." Chipojola akaanza kutabasamu bila ruhusa yake mwenyewe. "Alikuwa ananiangalia mimi. Mimi nilitembea nyuma. Palikuwa na jogoo mmoja, alitoa kichwa katikati ya fito, akanitazama mpaka sokoni. Nilimpa jina. Siku alipouzwa nililia, mama akaninunulia muwa."

"Basi," akasema Mahamudu. "Hatukuja kuleta kitu cha kigeni, Bambo. Tumekuja kuuliza kilipotelea wapi. Na msukaji tunaye kambini. Tuma vijana wako, atawafundisha. Atawatukana kwanza, lakini atawafundisha."

Chipojola akaketi. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba wasafirishaji wa Biwi wapewe muda wa kutafuta mianzi, na wakipewa muda hawana neno. Kamati ikainamiana vichwa. Mayi Mtengula akaamuru kifungu kiandikwe katika rasimu, kama kilivyosomwa, na muda wa mianzi uongezwe chini yake. Kuhusu jogoo, alimtazama kwa huzuni ya kweli, maana alikuwa jogoo wa kutazamwa.

"Huyu siwezi kumpokea," akasema. "Nikimpokea ni hongo. Mrudisheni kwao. Na kwa jina la Mungu, mrudisheni vizuri!"

"Nitawauliza wenye matola wote!" Chipojola akapaza sauti kutoka kwenye benchi lake, na ukumbi ukacheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa cha watu wa nyumba moja.

Walirudi jogoo akiwa mapajani mwa Eugénie, amefungwa ndani ya khanga kama mtoto aliyetoka kubatizwa, kichwa nje, akitazama malori ya Kanengo kana kwamba ni yake. Ule utepe jogoo aliuvaa shingoni. Sokoni watu walikuwa wanawangoja, wauza kuku mbele, mikono imefungwa, Mzee Ndayiragije kando na mwanzi mkononi, anajifanya hajali. Mahamudu aliruka chini kwanza. Alikuwa mtu mzima wa heshima zake, lakini alimpokea jogoo, akamwinua kwa mikono yote miwili juu ya vichwa vya watu, kilemba kikielekea mbinguni.

"Imepita?" wakauliza.

"Hamuone?" akasema. "Kichwa iko juu!"

Vigelegele vilianza kwa wauza nyanya, vikaenda mpaka mtaa wa mwisho. Mzee Ndayiragije aliketi chini pale pale, akaanza kupasua mwanzi.

"Sasa tunamukula?" akauliza Annuarite.

"Shahidi haliwi," akajibu Eugénie. Na hakuliwa. Yupo mpaka leo kibandani kwake, analala juu ya marobota ya vitambaa, na wateja wengine huja kwa ajili yake, si kwa ajili ya gauni.

Kabla ya mvua za kwanza baraza la jiji lilipitisha sheria zake za masoko, na kifungu kilikuwemo. Vijana wa Biwi walikuja kusuka. Walitukanwa, wakasuka. Si kwamba dunia imepona. Bado utawaona wanaopita jioni na kuku kichwa chini, wakijificha kama wamebeba gongo, na hiyo nayo ni aina ya maendeleo, maana zamani hizi za karibuni hawakujificha. Tenga limerudi. Lilitoka kwa mlango wa mama, limerudi kwa mlango wa karani. Si haba.

Kamati ya soko ilipokutana kuifanya sheria ya kambi kuwa ya kudumu, Eugénie aliomba kuongeza neno. Kila mtu alijua vifungu ni kumi na vinne, na kila mtu alijua kinachofuata ni cha ngapi. Annuarite alikwisha kuvuta pumzi.

"Article ya kumi na tano," Eugénie akasoma, uso mkavu kama wa hakimu.

"Jitafu..." wakaanza.

"Mungoje! Article ya kumi na tano: Sheria hii inamhusu pia aliyeiandika, hata siku ya safari, hata akiwa amevaa vizuri."

Walicheka mpaka Mahamudu akavua kofia na kujipepea nayo. Kisha akawa wa kwanza kuinua mkono kuipitisha.